Joto, Jasho na Adabu: Maandalizi ya Msafiri Aendaye Oman

Wengi wetu tuliokulia Tanga, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam hudhani kwamba hatuna la kujifunza juu ya joto. Dhana hiyo ni ya hatari. Mwezi wa Juni 2024, wakati wa Hija, jotoridi mjini Makka ilizidi nyuzi 50 za Sentigredi, na serikali ya Saudi Arabia ikatangaza kwamba mahujaji 1,301 walikuwa wamefariki. Wengi miongoni mwao walitoka katika nchi ambazo zenyewe zina joto kali, kama vile Misri. Kwa mujibu wa serikali hiyo, zaidi ya wanne katika kila watano hawakuwa na vibali, na walitembea mwendo mrefu juani bila ya kivuli wala mahali pa kupumzikia.

Tukio hilo latufundisha kwamba kulizoea joto ni jambo moja, na kuelewa namna mwili unavyopambana nalo ni jambo jingine. Katika makala haya tutalichunguza suala hilo kwa kuchukua mfano wa nchi moja ya jangwa, yaani Oman. Nchi hiyo si ngeni kwetu. Katika karne ya 19 Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao ya utawala wake kutoka Maskati hadi Unguja, na mpaka leo ziko koo zenye jamaa katika pande zote mbili za bahari. Vijana wetu huenda huko kusoma, kufanya kazi na kutembelea ndugu. Yafaa basi waende wakiwa wamejiandaa, kwa mwili na kwa adabu.

1. Nchi yenyewe

Oman iko pembeni mwa Bara Arabu, upande wa kusini mashariki, na ina eneo la kilometa za mraba zipatazo 309,500. Tropiki ya Kansa hupita kusini kidogo mwa Maskati, kwa hiyo katika mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa karibu kabisa na utosi. Mvua ya Maskati ni kiasi cha milimeta 100 tu kwa mwaka, ambapo Dar es Salaam hupata zaidi ya milimeta 1,000.

Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba nchi nzima ni mchanga mtupu. Upande wa magharibi liko jangwa kubwa la Rub' al Khali, ambalo Oman hushirikiana na Saudi Arabia, Yemen na Falme za Kiarabu. Kaskazini iko milima ya Hajar, ambayo kilele chake, Jebel Shams, hufikia mita zipatazo 3,000. Kusini, katika jimbo la Dhofar, pepo za kusi huleta ukungu na manyunyu toka Juni hadi Septemba, na vilima vya Salalah hugeuka kijani wakati sehemu nyingine za nchi zinaungua. Majira hayo wenyeji huyaita khareef. Msafiri ajiulize kwanza anakwenda sehemu gani, na katika mwezi gani. Kwa sehemu za kaskazini, miezi ya Novemba hadi Machi ndiyo iliyo bora. Mwezi wa Juni 2018, katika mji wa pwani wa Quriyat, ilipita siku nzima ya saa 24 bila ya jotoridi kushuka chini ya nyuzi 42.6, hata usiku wa manane.

2. Mizani ya joto mwilini

Mwili wa binadamu hufanya kazi vizuri jotoridi yake ya ndani inapokuwa karibu na nyuzi 37. Chakula tunachokula huzalisha joto wakati wote: mtu aliyekaa kitako hutoa kiasi cha wati 100, na mtu anayetembea kwa haraka huweza kutoa wati 300. Joto hilo sharti litoke. Njia za kutokea ni nne: mpitisho, yaani kwa kugusana na kitu baridi, myuko, yaani kwa kuchukuliwa na hewa inayopita, mnururisho, na uvukizaji wa jasho.

Njia tatu za kwanza zina sharti moja. Joto hutoka penye jotoridi ya juu na kwenda penye jotoridi ya chini. Ngozi yetu, tunapokuwa katika joto, huwa na nyuzi zipatazo 35. Hewa ikiwa na nyuzi 31, kama ilivyo Dar es Salaam mchana, joto hutoka mwilini kwenda hewani. Lakini hewa ikifika nyuzi 44 mambo hupinduka: joto hutoka hewani likaingia mwilini. Hapo hata upepo, ambao kwetu ni rafiki, huweza kumwongezea mtu joto badala ya kumpunguzia. Mlango mmoja tu hubaki wazi, nao ni jasho.

Uvukizaji wa lita moja ya jasho huchukua joto la jouli milioni 2.4 hivi. Hebu tufanye hesabu. Tuchukulie kijana wa kilo 60 anayetembea juani, mwili wake ukizalisha wati 300, na jua pamoja na hewa ya moto vikimwongezea wati 150. Jumla ni wati 450. Kwa saa moja, yaani sekunde 3,600, atapaswa kutoa jouli 1,620,000. Tukigawanya kwa 2,400,000 tunapata lita 0.68 za jasho kwa saa, iwapo lote litavukizwa. Kwa mwendo wa saa nne atapoteza lita 2.7, ambazo ni zaidi ya asilimia 4 ya uzito wake. Nguvu za mtu huanza kupungua anapopoteza asilimia 2 tu.

Je, itakuwaje jasho lisipovukizwa kabisa? Kuongeza jotoridi ya kilo moja ya mwili kwa nyuzi moja huhitaji jouli 3,500 hivi. Kwa kilo 60 ni jouli 210,000. Kwa wati 300 tu za mwili wenyewe, kiasi hicho hukusanyika kwa dakika 12. Maana yake ni kwamba kijana huyo angetoka nyuzi 37 na kufika nyuzi 40 katika muda wa dakika 36. Ndiyo sababu joto huua kwa haraka kuliko tunavyodhani.

3. Joto kavu na joto la unyevu

Jasho huvukizwa kwa kasi kutegemea tofauti iliyopo baina ya kanieneo ya mvuke kwenye ngozi iliyolowa na kanieneo ya mvuke hewani. Ngozi ya nyuzi 35 ina kanieneo ya kilopaskali 5.6. Tulinganishe sasa hali tatu za mfano:

(a) Dar es Salaam, mchana: nyuzi 31, unyevuanga asilimia 75. Mvuke hewani ni kilopaskali 3.4, tofauti ni 2.2.

(b) Nizwa, bara ya Oman, mchana wa Juni: nyuzi 44, unyevuanga asilimia 10. Mvuke hewani ni kilopaskali 0.9, tofauti ni 4.7.

(c) Maskati, pwani, jioni ya Juni: nyuzi 38, unyevuanga asilimia 55. Mvuke hewani ni kilopaskali 3.6, tofauti ni 2.0.

Tarakimu hizi zina mafunzo mawili. Kwanza, huko Nizwa jasho huvukizwa kwa kasi zaidi ya maradufu ya Dar es Salaam. Hukauka kabla hata mtu hajaliona. Mgeni kutoka pwani yetu, ambaye amezoea kulipima joto kwa namna shati linavyolowa, hujiona mkavu na kudhani kwamba hatoki jasho. Kumbe anapoteza maji mengi, naye hana habari. Pili, huko Maskati jasho huvukizwa polepole kuliko Dar es Salaam, na papo hapo hewa inamwongezea joto badala ya kumpunguzia. Huko mtu huweza kunywa maji ya kutosha na bado akapigwa na joto, kwa kuwa jasho linalodondoka chini halikupoza chochote.

Kwa hiyo pana hatari mbili zilizo tofauti: bara hatari kubwa ni kuishiwa maji, na pwani hatari kubwa ni mwili kushindwa kupoa.

4. Jaribio la darasani

Walimu waweza kulionyesha jambo hili kwa vifaa rahisi. Chukua vipimajoto viwili vinavyolingana. Kimoja kiache kikavu. Kingine funga kwenye tungi lake kipande cha pamba au utambi uliolowa maji ya kawaida. Vitundike vyote kivulini, vipepee kwa daftari kwa dakika tano, kisha soma. Kile kilicholowa kitaonyesha jotoridi ya chini, kwa sababu maji yanapovukizwa huchukua joto.

Usomaji wa kipimajoto kilicholowa ndio unaotueleza ni kiasi gani jasho laweza kutupoza. Katika mifano yetu mitatu, kingesoma takriban nyuzi 27 Dar es Salaam, nyuzi 21 Nizwa, na nyuzi 30 Maskati. Usomaji ukifika nyuzi 35, binadamu hawezi kupoa kwa jasho hata akikaa uchi kivulini. Na majaribio ya miaka ya karibuni yameonyesha kwamba hata vijana wenye afya huanza kushindwa chini ya kiwango hicho. Wanafunzi warudie jaribio asubuhi, adhuhuri na jioni, wachore grafu, na waeleze kwa nini tofauti ya vipimajoto hivyo hupungua mvua inapokaribia kunyesha.

5. Maandalizi ya mwili na ya mzigo

Kuuzoesha mwili. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 ili kuzoea joto jipya. Katika muda huo jasho huanza kutoka mapema zaidi, huongezeka kiasi, na chumvi ndani yake hupungua. Maji ya damu nayo huongezeka, na moyo hupumzika. Anayetoka Mbeya, Iringa au Nairobi ana haja kubwa zaidi ya siku hizo kuliko anayetoka pwani. Siku ya kwanza asifanye kazi nzito; aongeze kidogo kidogo. Sheria ya kazi ya Oman yenyewe huzuia kazi za juani toka saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu alasiri, kuanzia Juni hadi Agosti. Mwajiri asiyeitii anavunja sheria, na kijana anayekwenda kufanya kazi ajue haki yake hiyo kabla hajaondoka nyumbani.

Maji na chumvi. Usingoje kiu, kwani kiu huchelewa. Kipimo kilicho bora ni mkojo: ukiwa mwingi na wa rangi hafifu, maji yanatosha, ukiwa kidogo na wa rangi ya chai, umechelewa. Lakini kunywa maji matupu kwa wingi, zaidi ya lita moja na nusu kwa saa, nako kuna madhara, kwa kuwa chumvi ya damu hupungua kupita kiasi na mtu huweza kuchanganyikiwa au kuzirai. Kula mlo wa kawaida wenye chumvi. Penye haja, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Ndio mchanganyiko ule ule unaopewa mtoto mwenye kuharisha.

Mavazi. Nguo ya jangwani iwe pana, nyepesi na ya kufunika. Nguo pana huzuia jua lisifike kwenye ngozi, na huiachia hewa nafasi ya kupita ndani yake. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti juu ya kanzu nyeusi za mabedui. Watafiti waligundua kwamba joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawa katika kanzu nyeusi na nyeupe: nyeusi ilifyonza joto zaidi, lakini joto hilo lilichukuliwa na hewa iliyopita chini ya nguo kabla ya kumfikia mvaaji. Siri ilikuwa upana wa kanzu. Suruali ya kubana na shati la nailoni havina faida hiyo. Ngozi nyeusi hukinga kwa kiasi mionzi ya jua inayounguza, lakini haikingi macho wala haipunguzi joto. Kofia yenye ukingo na miwani ya jua ni vifaa vya lazima. Ndugu zetu wenye ualbino wachukue tahadhari kamili: mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, na kuepuka kabisa jua la adhuhuri. Usisahau sweta, kwa kuwa hewa kavu isiyo na mawingu huliachia joto la ardhi lipotee angani usiku, na milimani majira ya baridi ni makali kweli.

Dawa na mambo madogo. Anayetumia dawa za shinikizo la damu au za kuongeza mkojo aonane na daktari kabla ya safari. Dawa zichukuliwe pamoja na cheti cha daktari. Zile za maumivu zenye kodeini au tramadoli hudhibitiwa vikali. Plagi za umeme ni za pini tatu kama zetu. Saa iko mbele kwa saa moja. Magari hupita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo mvuka njia atazame kushoto kwanza, kinyume cha mazoea yetu.

Mabonde makavu. Wadi ni bonde la mto usio na maji kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mvua ya milimeta 20 tu ikinyesha juu ya mwamba mtupu wenye eneo la kilometa za mraba 100, hukusanya meta za ujazo milioni mbili za maji, na mengi ya maji hayo hushuka kwa mkondo mmoja. Mvua yaweza kunyesha mlimani huku bondeni jua likiwaka. Maji ya kina cha sentimita 60 yanatosha kuchukua magari mengi. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu zaidi ya 15 nchini Oman, wakiwamo wanafunzi. Usipige kambi ndani ya wadi, na usivuke wadi inayotiririka.

6. Dalili za hatari

Mtu akiumwa kichwa, akaona kizunguzungu, akabanwa na misuli au kichefuchefu, mpeleke kivulini, mlaze, mpe maji yenye chumvi kidogo, na mpepee. Lakini akianza kusema ovyo, kuyumba kama mlevi au kuzirai, hilo ni pigo la joto, na jotoridi yake yaweza kuwa imezidi nyuzi 40. Hapo kila dakika ina thamani. Mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima, au mtumbukize katika maji ya baridi huku kichwa kikishikiliwa juu, na mpepee bila ya kukoma. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Simu ya dharura nchini Oman ni 9999. Anza kumpoza wakati msaada unaitwa, usingoje ufike.

7. Adabu za wenyeji

Adabu nyingi za watu wa jangwani zina maarifa ndani yake, na mgeni aliyeyaelewa maarifa hayo huzishika kwa urahisi.

Maduka mengi hufungwa mchana na kufunguliwa tena alasiri. Si uvivu, ni kuyakwepa masaa yale yale tuliyoyafanyia hesabu. Usimtembelee mtu saa nane mchana. Mapumziko ya juma ni Ijumaa na Jumamosi.

Mgeni hukaribishwa kwa kahawa na tende, kama ilivyo katika baraza za pwani yetu. Vua viatu mlangoni. Pokea finjani kwa mkono wa kulia. Kahawa humiminwa kidogo tu, na mwenyeji ataendelea kukujazia; ukitosheka, tikisa finjani kidogo kabla ya kuirudisha. Kukataa finjani ya kwanza si uungwana. Ukila kwa mkono, tumia wa kulia.

Wanaume na wanawake wavae nguo zinazofunika mabega na magoti. Mwanamume asimpe mkono mwanamke asiye jamaa yake mpaka yeye mwenyewe atangulize wake. Usimpige mtu picha bila ya idhini, na usipige picha majengo ya kijeshi. Katika mwezi wa Ramadhani usile, usinywe wala usivute sigara hadharani mchana, hata kama wewe si Mwislamu. Kwa kuwa tumekwisha kuona haja ya maji, asiyefunga anywe faraghani, na anayefunga apunguze kazi za juani na anywe vya kutosha toka magharibi hadi daku. Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa 2001, huwakaribisha wasio Waislamu asubuhi, isipokuwa Ijumaa. Wanawake hufunika nywele.

Kubwa kuliko yote ni adabu ya maji. Vijiji vingi vya Oman huishi kwa falaj, yaani mfereji unaotoa maji chini ya ardhi au chemchemini na kuyaleta kijijini kwa mteremko mdogo, bila ya pampu yoyote. Mifereji ipatayo 3,000 ingali inatumika, na mitano miongoni mwake iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji hayo yana utaratibu: yanapoingia kijijini kwanza huwa ya kunywa, kisha ya kuogea na kutawadha, na mwisho ya mitende na mashamba. Zamu za umwagiliaji tangu kale zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Mgeni anayenawa miguu juu ya mahali pa kuchotea, hata kwa kutojua, huchafua maji ya kijiji kizima. Uliza kwanza yanakochotwa maji, kisha shuka chini yake.

Utasikia Kiswahili katika masoko ya Maskati. Jambo hilo lapendeza, lakini lisikufanye ujisahau. Anza kwa salamu ya "Asalaam alaykum", umjulie hali mwenyeji wako, ndipo useme haja yako.

Kwa ufupi, msafiri achague majira, aupe mwili siku za kuzoea, apime maji yake kwa mkojo badala ya kiu, avae nguo pana, aogope wadi, na aheshimu maji ya watu. Mambo hayo hayana gharama kubwa, na yameokoa maisha ya wakazi wa jangwa kwa karne nyingi.

Maswali ya mazoezi

1. Mfanyakazi wa kilo 70 anazalisha wati 400 na kupokea wati 200 kutoka kwa jua na hewa. Anahitaji lita ngapi za jasho kwa saa ili jotoridi yake isipande?

2. Kwa nini feni humsaidia mtu Dar es Salaam, lakini huweza kumdhuru Nizwa kama ngozi yake ni kavu?

3. Eleza kisayansi faida ya kuweka mahali pa kunywa juu ya mahali pa kuogea katika falaj. Je, kijijini kwenu maji hufuata utaratibu gani?